Rangi ya Jumatatu

Kabla wanajeshi hawajamjua, Berthe Kaswera alijulikana mtaani Bulengera kwa majoho ya kwaya. Hakuna kwaya iliyojiheshimu mjini Butembo ambayo haikupita kwenye kibaraza chake kupimwa mabega, na akikupima alikuambia ukweli wako bila kuulizwa: wewe umenenepa, wewe umekonda, wewe bega lako moja limeshuka kwa kubeba mtoto upande mmoja. Watu walinung'unika na kurudi tena, maana mshono wake haukufumuka. Alizaliwa Luofu, katika nyumba ya wakulima wa maharagwe na viazi. Vita vilimfukuza akiwa msichana, akapitia Kayna na godoro kichwani, akafika mjini, akajifunza cherehani kwa akina mama wa kanisa, akaolewa, akafiwa na mume. Watoto wawili aliwazika wakiwa wadogo. Alibaki na Maliro peke yake.

Maliro alikuwa mkulima, lakini shamba la marehemu baba yake lilikuwa upande wa Beni, wanakopita wauaji wa mapanga, na siku hizi mtu akienda shamba la huko huaga nyumbani kama anayesafiri mbali. Jirani mmoja aliaga, akarudi amefungwa kwenye turubai. Basi Maliro akatupa jembe, akateremka na mkewe Keren hadi Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edouard, akaanza kujifunza uvuvi akiwa na umri ambao wenzake tayari wanafundisha. Keren akawa anakausha samaki na kuwatuma Butembo. Berthe alisema afadhali, maji hayana mapanga.

Maji nayo yalikuwa na yake. Wenye silaha walitokea kwa mitumbwi, wakachukua injini, wakachukua nyavu, mara nyingine wakachukua na watu. Ndipo nchi nne rafiki zilipokaa na kukubaliana kuweka kikosi kimoja cha majini, cha kufika haraka popote patakapoitwa. Kwa Kifaransa kilikuwa na jina refu la kuchosha ulimi, na katikati yake neno rapide, yaani haraka. Watu wa kwetu hawana muda wa majina marefu. Wakawaita ba-Rapide, yakaisha. Boti zao zilikuwa za kijivu, na mtutu mbele, na kwa mbio zilifika kabla hujamaliza Baba Yetu. Miezi ya kwanza wanawake wa pwani waliwapigia vigelegele. Samaki walijaa tena sokoni Butembo, na Berthe akamla samaki wa mwanawe mwenyewe, akamsifu mbele ya majirani mpaka wakachoka.

Shida ilikuwa hii: nahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa hata vyombo vilikuwa vingi, kila kimoja na nahodha wake, lugha yake na redio yake. Askari wa nchi hii hakumwelewa wa nchi ile, na wote hawakumwelewa mvuvi. Ukiwa mbali, mtumbwi wa mvuvi na mtumbwi wa mwuaji ni ubao uleule. Wakubwa wakafikiri, wakapata dawa. Kila mtumbwi halali ungefunga kitambaa kwenye mti wa nyuma, na kila Jumatatu alfajiri rangi ingebadilika, ili waovu wasipate muda wa kuiga. Lugha hawaelewani, lakini rangi kila mtu anaiona. Atakayekutwa Jumatatu na rangi ya juma lililopita, huyo ni adui, na adui haulizwi.

Aliyemletea Berthe kazi hiyo ni Abdias, kijana wa Beni, mkalimani katika ofisi ya kikosi. Mama yake aliimba kwaya ndani ya joho la Berthe, na Abdias alikua akisikia kwamba huyo mama wa Bulengera ana mdomo mkali lakini mambo ya watu hayatoi nje. Kila Ijumaa alileta jora la kitambaa. Berthe alikata, alishona, na Jumapili baada ya ibada Kamate, dereva wa pikipiki, aliufunga mfuko nyuma na kuteremka nao ziwani. Sharti lilikuwa moja: rangi haitajwi. Si kanisani, si sokoni, na kwenye simu ndiyo usithubutu kabisa.

Kwa hiyo Berthe, ambaye maisha yake yote alishona mlango wazi, akaanza kushona amejifungia. Majirani walijisikia vibaya. Katungu, mwenzake wa sauti ya pili kwayani, aliyeishi ukuta kwa ukuta naye, alikuwa akigonga na kusema kutoka nje:

"Berthe, uko nashona nini uko nafichaka? Ama unaolewa tena?"

"Ndiyo, naolewa," Berthe alijibu. "Wewe ndiye utabeba gato ya arusi."

Wakacheka kila mmoja upande wake wa mlango. Katungu naye alikuwa na mtu ziwani: binti yake Tamar aliolewa katika kambi ndogo ya wavuvi, kusini ya Kyavinyonge. Mama hao wawili walipeana habari za huko kama wengine wanavyopeana chumvi.

Halafu akaja Kitsa. Alikuwa mvuvi kijana, alipanda kibarazani na koti mkononi, akaomba mkono mmoja wa koti upunguzwe. Berthe alichukua utepe wa kupimia, kisha akaona kwamba mkono wenyewe haupo, umeishia juu ya kiwiko. Jua lilikuwa limepausha kitambaa chake, nyekundu ikawa si nyekundu tena, na boti ya kijivu haikusogea karibu ili kuhakikisha, ilipiga tu.

"Haikuwa kosa ya kitambaa yako, mama," Kitsa alisema kwa adabu. "Ni jua."

Berthe alimpima palipobaki. Hakumwambia kwamba amekonda. Kijana alipoondoka, alikaa na kile kipande cha mkono wa koti alichokikata mapajani, na hofu ikamwingia ambayo haikumtoka tena. Tangu siku hiyo alimwomba Abdias majora mazito yasiyopauka, na kila alipofunga fundo la mwisho alimtaja Maliro kwa jina.

Majora mazito hayakusaidia. Jumamosi moja, upepo ulikizungusha kitambaa cha mzee Kahongya, mvuvi wa Kyavinyonge, kwenye mti wake, kikajiviringa kama bendeji, kisionekane. Rangi ilikuwa ya juma lilelile, bluu, safi kabisa. Boti ya kijivu ilipiga. Mtumbwi ulipasuka, vijana wawili waliokuwa naye waliogelea hadi pwani, na Kahongya akazama bila kuonekana tena.

Butembo ikachemka. Jumapili, baada ya ibada, tangazo lilisomwa: Jumatatu na Jumanne, ville morte. Mgeni asidhani ni neno tu. Siku ya ville morte mji unakufa kweli: maduka yanafungwa, shule zinafungwa, pikipiki hazitembei, vijana wanapanga mawe barabarani na kuwasha matairi, na atakayejifanya mjanja atajuta. Fundi mmoja wa mtaa wa pili aliwahi kushona siku kama hiyo. Cherehani yake ilitupwa mtaroni, na hakuna aliyemwonea huruma. Berthe naye hakumwonea. Tangazo liliposomwa alisema amina kwa sauti, maana Kahongya alikuwa mzee wa watu, na nchi nne zilikuwa hazijatuma hata mtu mmoja kusema pole.

Mfuko wa rangi mpya ulikuwa tayari. Lakini alasiri Kamate alikuja mikono mitupu, pikipiki ameiacha nyumbani.

"Mama, njia ya Kyondo, ile ya kushuka ku ziwa, bameshaifunga. Batoto hawakungoja Jumatatu. Bameweka mawe, banachoma mapira."

"Sasa kitambaa?"

"Mais mama, ville morte ni ya bote. Soko imefungwa, nani atanunua samaki? Na kama hakuna wa kununua, nani ataingia mu maji? Nitapeleka Jumatano."

Berthe aliona ni kweli. Hapo ndipo lilipolala kosa, na lilikuwa kosa la mtu wa Butembo hasa. Sisi tumezoea kwamba soko likifunga, dunia imefunga. Mtu wa hapa anaweza kuota vita, anaweza kuota mafuriko, lakini hawezi kuota mtu anayetoka kwenda kazini siku ambayo hakuna wa kununua. Akausukuma mfuko chini ya meza ya kukatia, akaenda kupika.

Jumatatu asubuhi mji ulikuwa kimya mpaka ukasikia kuku wa mtaa mwingine. Berthe alikaa kibarazani na chai yake, mlango wazi kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na kwa kweli alijisikia vizuri. Simu ikalia. Alikuwa Keren, alitaka tu kuuliza kama kwao kumetulia.

"Kumetulia. Mupatie Maliro, nimusalimie."

"Hayuko, mama. Ameshaenda mu maji."

Berthe aliweka kikombe chini. "Kufanya nini?"

"Bote bameenda. Banatafuta mwili ya Kahongya. Leo ni siku ya tatu, maji inarudishaka mutu."

Hilo ndilo Berthe, mtoto wa milima, hakulifikiria. Watu wa ziwa hawamwachi mtu wao majini. Mvuvi akizama, nyavu zinaanikwa, hakuna anayevua, hakuna anayeuza. Lakini mitumbwi yote inatoka, kila siku, mpaka apatikane. Siku ambayo Butembo ilikaa ndani kwa ajili ya Kahongya, pwani nzima ilitoka kwa ajili yake.

"Bamefunga kitambaa gani?"

"Ile ya bleu. Ingine haikufika. Balisema leo ni ville morte, hakuna kitu inabadilishwa."

Jeshi la nchi nne lilijua wapi habari ya ville morte? Kwao ilikuwa Jumatatu tu. Bluu ilikuwa imekufa tangu alfajiri, na mwanawe alikuwa katikati ya maji chini ya rangi ya adui, pamoja na wanaume wote wa pwani ile, wakitazama chini, wakitafuta maiti.

Alikata simu bila kuaga, akampigia Abdias. Abdias alijibu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Abdias, wambie ba-Rapide basipige. Bavuvi bako mu maji na rangi ya zamani. Bitambaa biko huku kwangu, habikushuka."

Abdias akaanza kusema haraka. "Mama, niko ku nyumba. Beni pia kumefungwa, siwezi kufika ku bureau. Nitapiga simu, lakini kila boti iko na chef ya inchi yake. Inapaswa ba chef bane bakubaliane ndipo ordre ya kutopiga itoke."

"Inachukuaka muda gani?"

"Ile siku nyingine ilifika mangaribi."

Kwenda kupiga, rapide. Kwenda kuambiwa, mangaribi. Berthe akashika nguzo ya kibaraza.

"Mama," Abdias aliendelea, na sasa aliamka kabisa, "najua unafikiria nini. Usitaje rangi ku telefone. Bale batu ya mupori banasikilizaka, na ku pwani bako na masikio yao. Rangi ikitoka, boti yoyote itaifunga, itapita mbele ya ba-Rapide, bataipungia mukono. Itafika fasi yoyote inataka. Uniahidi, mama."

Hakuahidi. Alikata simu na kuingia ndani. Mfuko ulikuwa palepale chini ya meza, umejaa rangi ambayo ingewalinda wote, na kati yake na ziwa kulikuwa na mawe ya vijana wa mji wake mwenyewe, ambao yeye aliwaitikia amina. Kwa miguu angefika kesho. Aliomba, lakini maneno hayakutoka. Akilini alimwona Kitsa ameshika koti. Aliyaelewa maneno ya Abdias yote, hakuna asemaye kwamba hakuyaelewa. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alikuwa wa mwisho.

"Keren," alisema simu ilipopokelewa. "Ni jaune. Kimbia. Jaune, kitu yoyote ya jaune."

Keren hakuuliza. Alikimbia pwani akipaza sauti, na wanawake wengine wakaidaka sauti hiyo wakaipitisha, mpaka ufuko mzima ukawa unaitana manjano. Mmoja alifungua kitenge chake cha manjano kiunoni. Mwingine alichukua bidoni, yale madumu ya manjano ya mafuta, akazifunga kwenye makasia. Mtumbwi mmoja uliokuwa umebaki ukasukumwa majini, Keren akiwa ndani, kitenge juu ya kichwa chake mikono miwili, akipiga filimbi kuwaita wanaume.

Maliro alisimulia baadaye kwamba boti ya kijivu ilikuwa imekwisha kuwaelekea na mtutu umeshushwa. Aliuona uso wa askari, kijana, mdogo kuliko yeye. Ndipo askari akaona manjano inakuja, akageuka kuwatazama wenzake, wakasemezana. Kitambaa hakikuwa chao, kilikuwa kitenge na bidoni, lakini rangi ilikuwa rangi ya siku. Mtutu ukainuliwa. Askari akawapungia mkono, boti ikapita. Adhuhuri walimpata Kahongya karibu na matete, wakampeleka nyumbani kwake akazikwa kama mtu.

Jioni ileile, jua likiwa bado halijazama, mitumbwi miwili ya injini ilipita mbele ya boti ya kijivu ikielekea kusini. Mmoja ulifunga kipande cha shuka ya manjano, mwingine bidoni ya mafuta. Siku hiyo ilikuwa siku ya vitenge na bidoni. Askari walikuwa wameona manjano za kila namna tangu asubuhi. Waliwapungia mkono. Mitumbwi ile ilifika kwenye kambi ndogo ya wavuvi, na waliokuwamo waliteremka na mapanga.

Habari ilifika Bulengera Jumanne, mji ukiwa bado umefungwa, kwa hiyo hakukuwa na kelele ya kuifunika. Berthe alisikia sauti ya Katungu kupitia ukutani. Hakuhitaji kuambiwa ni nani, maana kilio cha mama juu ya mtoto alikuwa amekilia mara mbili mwenyewe. Tamar na mumewe na wengi wa kambi ile. Alitoka akaenda kwa Katungu, akamshika, akaketi naye chini, akalia naye, na kulia kwake kulikuwa kwa kweli. Kama waovu waliisikia rangi kwenye simu au kwenye kelele za pwani, hakuna aliyejua. Berthe hakutaka kujua. Kwa njia yoyote ile, ilitoka kinywani mwake.

Kwa Keren alisema neno moja: asimtaje. Keren akaitikia, na tangu hapo mkwe na mama mkwe wakawa hawatazamani usoni. Abdias alikuja Ijumaa, akachukua mfuko uliobaki, akaacha jora jipya mezani. Alisema ofisini wanauliza nani alitoa rangi, na kwamba yeye hajasema kitu. Alimwita mama, kama siku zote, lakini alikataa chai.

Jumapili Maliro alipanda mjini na samaki wa shukrani. Berthe alimwomba aache kushuhudia kwanza, asubiri, kuna msiba mlangoni. Maliro hakusikia, mtu aliyeuona mtutu ukiinuliwa ana haraka ya kumshukuru Mungu wake. Mchungaji Phinées alimwita mbele, naye Maliro akashuhudia vizuri, akasema Bwana alituma rangi kutoka mbinguni saa ileile aliyoihitaji, akamshukuru mama yake kwa maombi. Kanisa likapiga makofi. Keren alikuwa anaangalia sakafu. Kwenye kiti cha sauti ya pili, Katungu, na kitambaa cheusi kichwani, alipiga makofi na wengine, akimtazama Berthe kwa upendo, kwa sababu mtoto wa rafiki yake amepona.

Mvua ilikuwa imenyesha, na walipotoka njia ya kushuka Bulengera ilikuwa tope tupu. Maliro na mkewe walitangulia. Katungu alimngoja Berthe kwenye ngazi za kanisa, akamshika mkono.

"Batu banasema kuna mutu alitosha rangi inje," alisema. "Wewe ndiye unashonaka, sasa kila mutu anajua. Unajua ni mikono gani inapitaka. Ukimujua ule mutu, utaniambia? Sitamufanya kitu, Berthe. Nataka tu nimuulize kama alimufikiria mutoto yangu."

Berthe aliutazama uso ule aliokuwa ameimba kando yake miaka yote.

"Nitakuambia," alisema.

"Wasingya," Katungu alishukuru. "Wewe haunifichake kitu." Akaupitisha mkono wake kwapani mwa Berthe kwa sababu ya utelezi, nao wakaanza kushuka pamoja, polepole.